Kompyuta ya gemu ya mtu mwenye mfuko mdogo: historia yake

Kila kijana anayepata vijisenti na kutaka kuunda kompyuta ya kuchezea gemu huuliza swali lile lile: ninunue nini? Majibu hayakosekani. Mmoja atamwambia aweke hela kwenye prosesa, mwingine atasema kadi ya picha, wa tatu atamshauri asubiri mwakani bei zishuke. Wote hao wanazungumzia bei za leo. Mimi nataka turudi nyuma kidogo, kwa sababu naamini mtu anayejua jinsi vipande hivi vilivyofika kwenye mikono ya watu wa kawaida ni vigumu kumuuzia mbuzi kwenye gunia. Historia yenyewe haijafikisha hata miaka hamsini. Ni fupi, lakini inagusa mfuko moja kwa moja.

Tuanze na jambo ambalo wengi tunalichukulia kama la kawaida. Kwa nini kompyuta inauzwa vipande vipande? Hakuna anayekwenda dukani kununua kioo cha televisheni kwa kampuni hii, saketi kwa kampuni ile, halafu akaunge mwenyewe nyumbani. Redio, friji, simu, vyote tunanunua vikiwa vizima. Kompyuta imekuwaje?

Jibu liko kwenye haraka ya kampuni moja kubwa. Tarehe 12 Agosti 1981 IBM ilitangaza kompyuta yake binafsi, ya bei rahisi kabisa ikiwa dola 1,565. IBM ilikuwa na desturi ya kutengeneza kila kitu yenyewe, lakini safari hii ilichelewa sokoni ikaamua kuokoteza vipande kwa wengine. Prosesa ilikuwa 8088 ya Intel. Mfumo wa uendeshaji ulitoka Microsoft, kampuni ndogo wakati huo. Zaidi ya hapo, IBM ilichapisha kitabu cha ufundi kinachoeleza mashine ilivyoundwa ili wengine waweze kutengeneza kadi za kuchomeka ndani yake. Kitu pekee kilichobaki mali yake hasa ni BIOS, ile programu ndogo inayoiamsha mashine.

Kampuni ya Compaq, iliyoanzishwa mwaka 1982, iliandika BIOS yake upya ikitumia waandishi ambao hawakuwa wameuona msimbo wa IBM, ili wasije wakashtakiwa kwa wizi. Mwaka 1983 ikaanza kuuza mashine inayoendesha programu zile zile. Wengine wakafuata njia hiyo. Ukuta ukawa umebomoka, na kuanzia hapo kipande cha huyu kikaingia kwenye mashine ya yule. Kila unapolinganisha mazabodi mbili dukani, unakula matunda ya haraka ile ya IBM na ujanja ule wa Compaq.

Na sisi tulikuwa wapi? Nchi yetu ilikuwa na historia yake na mashine hizi. Mwaka 1974, miaka saba kabla ya tangazo la IBM, serikali ya Tanzania ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Kwa hiyo wakati vijana wa kule wanafungua makasha na kubadilisha kadi, wengi wa wazazi wetu hawakuwa wameiona kompyuta kwa macho. Nitarudi kwenye hili, maana lina uhusiano na jinsi tunavyonunua leo.

Sasa gemu. Desemba 1993 kampuni ndogo ya id Software ilitoa Doom. Sehemu ya kwanza iligawiwa bure, na iliweza kukimbia kwenye prosesa ya 386 yenye RAM ya megabaiti 4, ingawa raha yake ilionekana kwenye 486. Kwa mara ya kwanza watu wengi walikuwa na sababu ya kuongeza nguvu ya kompyuta isiyohusiana kabisa na kazi za ofisi. Mtu hahitaji 486 ili aandike barua. Lakini kwa Doom, aliitaka.

Mwaka 1996 id Software ikatoa Quake, na hapa ndipo somo la kwanza la mnunuzi maskini linapoanza. Wakati ule kulikuwa na prosesa iitwayo Cyrix 6x86, iliyouzwa kwa bei ya chini kuliko Pentium ya Intel. Jina lake lenyewe lilikuwa la kibiashara. Ile iliyoitwa P166+ ilikimbia kwa megahezi 133 tu, na alama ile ilimaanisha kwamba kwa kazi za kawaida inafanya sawa na Pentium ya 166 au zaidi. Na kweli, kwa kazi za ofisi ilifanya. Tatizo ni kwamba Quake ilitegemea sana hesabu za desimali, na msimbo wake ulikuwa umeandikwa kwa uangalifu mkubwa ili utumie kitengo cha hesabu hizo kilichomo ndani ya Pentium. Kitengo cha Cyrix kilikuwa dhaifu. Aliyenunua Cyrix akifurahia kwamba ameokoa hela, siku alipofungua Quake aliona picha zinajikokota wakati jirani mwenye Pentium anatamba.

Je, Cyrix ilikuwa mbovu? Hapana. Ilikuwa kipande kizuri kwa kazi nyingine. Sifa ya jumla haikumsaidia mtu aliyetaka jambo moja mahsusi. Hili linafaa kukumbukwa kila muuzaji anapokwambia "hii ni i7 bwana", bila kukueleza ni i7 ya mwaka gani na itafanya kazi gani.

Mwaka huo huo wa 1996 kampuni ya 3dfx ilileta kadi za Voodoo. Kadi hizi zilichora picha za pande tatu tu. Ulilazimika kuwa na kadi nyingine ya kawaida, kisha unaunganisha mbili hizo kwa waya kwa nje. Lakini ziliibadilisha Quake kabisa. Na hapa sikiliza vizuri: 3dfx ilipoanza mwaka 1994, kadi kama hiyo ingekuwa ghali mno kwa mtu wa nyumbani kwa sababu chipu za kumbukumbu zilikuwa na bei kubwa. Kilichoifungulia mlango ni bei za chipu hizo kuporomoka sana mwaka 1996. Ndipo kadi yenye megabaiti 4 ikaweza kuuzwa karibu dola 300. Yaani gemu za picha nzuri ziliingia majumbani kwa sababu ya ufundi, ni kweli, lakini pia kwa sababu soko la kumbukumbu lilianguka. Liweke hili kichwani, litarudi.

Tufike mwaka 1998, ambao kwangu mimi ndio mwaka wa kuzaliwa kwa kompyuta ya gemu ya bei nafuu. Intel ilikuwa inauza Pentium II kwa wenye hela, na kwa wasio na hela ikaleta jina jipya, Celeron. Celeron ya kwanza, ya Aprili mwaka huo, ilinyang'anywa kashe yote ya ngazi ya pili, ile kumbukumbu ya karibu inayoisaidia prosesa isisubiri. Ikadharauliwa na kila aliyeipima. Intel ikajirekebisha. Tarehe 24 Agosti 1998 ikatoa Celeron 300A, yenye kashe ya kilobaiti 128 ndani ya chipu yenyewe. Ndogo, lakini ilikimbia kasi moja na prosesa. Kashe ya Pentium II ilikuwa kubwa mara nne, ila ilikimbia nusu ya kasi.

Bei ya Celeron 300A kwa wauzaji wa jumla ilikuwa dola 149. Siku hiyo hiyo Intel ilitoa Pentium II ya megahezi 450 kwa dola 669. Sasa fanya hesabu nami. Celeron ilipata kasi yake kwa kuzidisha 66 mara nne na nusu, ukapata 300. Pentium II ilizidisha 100 mara nne na nusu, ukapata 450. Kizidishio kilikuwa kimefungwa, lakini hiyo 66 ilitoka kwenye mazabodi. Watu wakagundua kwamba ukiweka Celeron kwenye mazabodi nzuri na kuiambia itumie 100, chipu nyingi zilikubali kukimbia 450 bila kulalamika. Kwenye gemu, kipande cha dola 149 kikawa kinatembea bega kwa bega na cha dola 669.

Habari hizi zilienea kama moto wa nyika. Lakini ziliibua swali zito: kama chipu hii inaweza 450, kwa nini iliandikwa 300?

Sababu moja ni ya kiufundi na ya haki. Chipu hukatwa kutoka kwenye sahani moja ya silikoni, na hazitoki zote sawa. Zenye kasoro kidogo huuzwa kwa kasi ya chini au sehemu mbovu ikiwa imezimwa. Sababu ya pili ni ya biashara. Kiwanda kikishakomaa, chipu karibu zote hutoka nzuri, lakini soko la bei ya chini bado linataka bidhaa. Kwa hiyo kampuni huchukua chipu nzuri, huifunga, na kuiuza rahisi. Ni kama daladala mbili za aina moja, moja imefungiwa gia ya tano ili tajiri apande ile nyingine.

Kuanzia hapo ukaanza mchezo wa paka na panya. Mwaka 2000 AMD ilitoa Duron, prosesa rahisi iliyokuwa ndugu wa Athlon. Watu wakagundua kuwa kwa kuunganisha vinukta fulani vidogo juu ya chipu kwa penseli ya kawaida ya shule, kizidishio kinafunguka, maana risasi ya penseli inapitisha umeme. Penseli! Mwaka 2002 ATI ilitoa Radeon 9700 Pro kwa dola 399 na ndugu yake mdogo, Radeon 9500. Baadhi ya kadi za 9500 zilikuwa na chipu ile ile, nusu ya njia zake za kuchorea zikiwa zimezimwa kwa programu. Ukibadilisha dereva, zinafunguka. Lakini hapo bahati ilihusika. Wengine walipata kadi ya 9700 kwa bei ya 9500, wengine waliona vidoa na miraba kwenye kioo kwa sababu njia zilizozimwa zilikuwa mbovu kweli. Kampuni nyingine haikudanganya kila wakati ilipozima kitu.

Mlango huu haukudumu. Januari 2011 Intel ilitoa prosesa za kizazi cha Sandy Bridge, na saa moja ikawa inaendesha karibu kila kitu ndani ya mashine. Ukiigusa, unaharibu vingine. Anayetaka kuongeza kasi ilibidi anunue zile zenye herufi K, na zile zilikuwa za bei ya juu. Ujanja wa maskini ukageuzwa kuwa bidhaa ya tajiri. Mimi hili huniuma kuliko yote katika historia hii, maana ujuzi ulikuwa ndio mtaji pekee wa asiye na mtaji.

Mwaka 2014 Intel ilirudisha kidogo kilichopotea, ikatoa Pentium G3258 ya dola 72 ikiwa haijafungwa. Watu wakashangilia. Ilikuwa na viini viwili tu, lakini ukiikimbiza, gemu nyingi za wakati ule ziliteleza. Novemba mwaka huo huo ikatoka Far Cry 4, ikagoma hata kuwaka kwenye prosesa za namna hiyo kwa sababu ilidai nyuzi nne za kazi. Miezi michache tu! Wenye subira waliongeza hela kidogo wakachukua Core i3, yenye viini viwili na nyuzi nne, na hawakupata taabu hiyo. Hapo tunajifunza kwamba kipande rahisi kina tarehe ya kufa, na tarehe hiyo haiandikwi kwenye boksi.

Basi ni nani aliyewasaidia wanunuzi wa bei ya chini? Kampuni zenyewe kwa huruma? Tazama miaka miwili. Juni 2008 Nvidia ilitoa GTX 280 kwa dola 649. Siku chache baadaye AMD, iliyokuwa imeinunua ATI mwaka 2006, ikatoa Radeon HD 4870 kwa dola 299, isiyopitwa sana. Ndani ya wiki chache GTX 280 ikashushwa hadi dola 499. Kadi haikubadilika hata msumari mmoja. Kilichobadilika ni kwamba mnunuzi alikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Mwaka wa pili ni 2017. Januari 2007 Intel ilikuwa imetoa Q6600 yenye viini vinne. Miaka kumi kamili baadaye, Januari 2017, prosesa yake kubwa ya watu wa kawaida bado ilikuwa na viini vinne. Kwa nini iongeze, wakati AMD ilikuwa hoi? Kisha AMD ikazinduka na Ryzen. Aprili 2017 ikaleta Ryzen 5 1600 yenye viini sita kwa dola 219. Kufika Oktoba mwaka huo huo, Intel nayo ikawa na i5-8400 ya viini sita kwa dola 182. Jambo lililoshindikana kwa miaka kumi likawezekana kwa miezi sita. Kwa hiyo ndugu msomaji, ushabiki wa kampuni za chipu kama vile ni Simba na Yanga ni kujifunga goli. Mnunuzi mwenye mfuko mdogo anazihitaji zote ziwe hai na zigombane.

Halafu kuna wakati soko lenyewe huingiliwa na watu wasiocheza gemu kabisa. Mwishoni mwa 2017, na tena kuanzia 2020, kadi za picha zilinunuliwa kwa wingi na wachimbaji wa sarafu za kidijitali, hasa Ethereum. Februari 2021 Nvidia ilitoa RTX 3060 ya dola 329 ikiwa na kizuizi cha uchimbaji. Mwezi uliofuata Nvidia yenyewe ikatoa kwa bahati mbaya dereva linalokiondoa. Hata hivyo dola 329 ilikuwa bei ya kwenye karatasi, madukani ilikuwa habari nyingine. Nafuu ilikuja tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ilipoacha mfumo wa uchimbaji, na kadi zilizotumika zikamwagika sokoni.

Na kumbuka nilichosema kuhusu chipu za kumbukumbu za mwaka 1996. Mwishoni mwa mwaka 2025 historia ilijipindua. Bei za RAM zilipanda kwa kasi kubwa kwa sababu viwanda vilielekeza uzalishaji kwenye vituo vya akili bandia. Bei ya kumbukumbu ndiyo iliyomfungulia mlango mchezaji wa kawaida, na bei hiyo hiyo inaweza kumfungia.

Sasa turudi nyumbani. Wengi wetu hatukuingia kwenye kompyuta kupitia vipande vipya kwenye maboksi. Tuliingia kupitia mitumba: mashine zilizostaafu maofisini Ulaya na kwingineko, zikaletwa kwa makontena, zikauzwa Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi. Kwa mwenye hela kidogo, hii bado ni njia yenye akili. Prosesa ya ofisini ya viini vinne ni ile ile iliyouzwa kwa mchezaji, ila ilifanya kazi nyepesi maisha yake yote.

Ila kuna mtego. Mashine hizi za ofisi nyingi zina pawa saplai ndogo isiyo na waya wa ziada wa kulisha kadi ya picha, na mara nyingi plagi yake kwenye mazabodi ni ya kipekee, huwezi kubadilisha hivi hivi. Kasha likiwa jembamba, kadi ya kawaida haiingii. Hapa ndipo kadi kama GTX 750 Ti ya mwaka 2014 na GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 zilipopata heshima, kwa sababu nyingi zao zilitosheka na wati 75 zinazotoka kwenye nafasi ya kadi yenyewe. Hakuna waya wa ziada, na zipo zilizotengenezwa fupi kwa ajili ya makasha membamba.

Kwa hiyo mwenye laki zake kadhaa afanye nini? Historia inamwambia hivi. Kwanza aorodheshe gemu anazotaka kucheza kweli, kama ambavyo mnunuzi wa Cyrix alitakiwa kuiuliza Quake. Pili, hela nyingi iende kwenye kadi ya picha, lakini prosesa isiwe ya kubahatisha kama ile ya viini viwili. Tatu, apime saplai na kasha kabla ya kuinunua kadi. Nne, asibane hela kwenye saplai. Kwa umeme wetu unaopanda na kushuka, saplai mbovu inaweza kuondoka na vyote, na stabilaiza au UPS ni sehemu ya bajeti. Tano, akinunua kadi ya mtumba, aione ikifanya kazi kwa gemu zito nusu saa, hapo hapo mbele ya muuzaji, ndipo atoe hela.

Mwisho, asione haya kuwa na kadi ya kizazi kilichopita. Kwa miaka kadhaa kadi iliyoongoza kwenye takwimu za vifaa vya wachezaji wa Steam duniani ilikuwa GTX 1060, kadi ya kati ya mwaka 2016. Wengi wa wachezaji duniani wananunua kama sisi, kwa kuhesabu. Kazi kwako.